Mudaka: gari ya "sport" kwenye barabara ya mashimo, nani analipa?

Kila asubuhi, kungali giza, gari ndogo za Kijapani zinatoka Kavumu, Miti na Murhesa, zinapita Mudaka na kuelekea Bukavu. Nyingi ni za kawaida tu: zinabeba mwalimu, muuza dawa, mama wa biashara na magunia yake. Lakini kati yake kuna zile ambazo mwenyewe amezigusa kusudi zifanane na gari za mashindano. Zimeshushwa chini, janti ni kubwa na zinang'aa, mpira ni mwembamba kama mkanda, bomba la moshi linanguruma, vioo ni vyeusi.

Baada ya miezi michache, gari ile ile unaikuta garaji imenyanyuliwa. Janti moja imepinda, amortiseri zinavuja, karteri imepasuka. Safari hii mwenyewe haombi tena ishushwe. Anaomba ipandishwe, hata kupita kiasi. Kati ya kushusha na kupandisha kumepotea pesa ambayo ingelipa karo ya watoto ao ingenunua kipande cha shamba. Na hatari iliyobaki haiko kwa mwenye gari peke yake. Iko pia kwa mama anayetembea kandokando ya barabara usiku na kikapu mgongoni.

Swali si kama vijana wana haki ya kupenda gari nzuri. Wana haki. Swali ni hili: barabara hii inakubali gari ya namna gani, na ni nani analipa pale inapokataa?

Kwa nini RunX

Toyota RunX ni mfano unaofaa kuelewa jambo hili. Ni Corolla yenye mgongo mfupi, iliuzwa Japani kuanzia 2001 mpaka 2006, na ina pacha wake anayeitwa Allex. Ni ndogo, haili esansi nyingi, ina milango mitano, na umbo lake lina kitu cha kuvutia. Kwa mtu anayefanya kazi Bukavu na kulala Mudaka, ni gari inayoingia kwenye hesabu yake.

Sababu nyingine iko chini ya kapo. RunX nyingi za motere ya lita 1.5 zina ile inayoitwa 1NZ-FE. Motere hiyo hiyo iko ndani ya Probox ya 1.5, ndani ya IST ya 1.5, ndani ya Vitz RS, ndani ya Raum, hata ndani ya Premio na Allion za 1.5. Maana yake, piesi zake zinatoka kila upande: Kampala, Kigali, Bujumbura, ao kwenye gari ya jirani iliyogongwa. Tena inazungushwa na cheni, si mkanda, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadili kila baada ya kilomita kadhaa. Cheni inaomba kitu kimoja tu: mafuta ya motere yaliyo safi na yanayofika kipimo.

Kuna RunX ya pili, ile ya Z, yenye motere ya lita 1.8 inayoitwa 2ZZ-GE. Hiyo ndiyo ndoto ya wengi. Toyota iliipa nguvu za farasi 190, na ilishirikiana na Yamaha kuitengeneza. Siri yake ni kwamba ikizunguka zaidi ya mara 6,000 kwa dakika, inabadili namna ya kufungua valvu zake, na gari inaruka kama mbuzi aliyepigwa fimbo.

Sasa mtu achukue karatasi ahesabu. Kufikia mizunguko hiyo kwenye gia ya kwanza, gari iko karibu kilomita 50 kwa saa. Kwenye gia ya pili imekaribia 80. Kati ya Mudaka na Bukavu, na mashimo, motari, mbuzi, wanafunzi na malori, ni wapi mtu atafika 80 kwenye gia ya pili? Tena Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya bahari, na barabara inapanda zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, na motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Farasi 190 za Japani zinafika huku zikiwa kama 160, na kati ya hizo mtu anatumia labda nusu. Kwa nguvu ambazo hatazitumia, ananunua motere inayohitaji esansi bora, yenye piesi chache, ambayo mekanisie wengi wa huku hawajawahi kuifungua.

Starlet Glanza V ya miaka ya 1996 mpaka 1999 nayo ina wapenzi wake. Turbo yake haiumizwi sana na mwinuko huu. Lakini turbo ni kitu cha mafuta safi, na mwenye haraka ya kuzima motere akisha panda mlima ataijua bei yake.

Hali ya jimbo imebadili hesabu

Katikati ya Februari 2025, M23 ilichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, kisha ikaingia Bukavu. Ndege za abiria zikasimama. Benki zikafunga milango. Barabara inayopita Mudaka, ambayo ilikuwa ya wasafiri wa ndege pamoja na wachuuzi, ikabaki ya wachuuzi na ya wafanyakazi wanaohesabu kila noti mkononi. Gari iliyokuwa ya kujionyesha siku ya Mungu ikageuka kuwa chombo cha kutafutia chakula, kila siku, mvua inyeshe ao jua liwake.

Na kila mkaaji wa Mudaka anajua kwamba gari ya mtu mmoja si ya mtu mmoja. Saa nane za usiku mlango unagongwa: "Papa, tusaidie, mama ameshikwa na uchungu." Hapo hakuna anayeuliza gari ina farasi ngapi. Wanauliza kama itawaka, na kama itafika hospitali bila kuacha karteri njiani.

Mpira kwanza, resori nyuma

Kosa linaloanza yote ni janti kubwa. Mtu anatoa janti za inchi 15, anaweka za 17. Anafikiri amepata gurudumu kubwa zaidi. Hapana. Mpira wa 195/60 kwenye janti ya 15 na mpira wa 205/45 kwenye janti ya 17 zina urefu karibu sawa kutoka chini mpaka juu, kama sentimita 61 na nusu. Kilichobadilika ni ubavu wa mpira. Ule wa 15 una karibu sentimita 11.7 za mpira na hewa kati ya janti na shimo. Ule wa 17 una 9.2 tu. Zile sentimita mbili na nusu zilizopotea ndizo zilikuwa zinapokea kishindo. Zikiondoka, kishindo kinaenda moja kwa moja kwenye janti, kutoka hapo kwenye rotili, amortiseri na volani.

Kwa hiyo tengenezo la kwanza lenye akili kwa gari ya kila siku ni kurudi nyuma: janti za 15, na kama nafasi inaruhusu, mpira wa 195/65. Ubavu wake unakaribia sentimita 12.7, na gari yenyewe inapanda karibu sentimita moja bila kugusa resori hata moja. Ni lazima kuzungusha volani mpaka mwisho kulia na kushoto, gari ikiwa na watu ndani, kuona kama mpira haukwaruzi. Ni kazi ya nusu saa, na janti zile za 17 zikiuzwa zinaweza kulipa sehemu kubwa ya mipira.

Wengi hawaanzii hapo. Wanakwenda moja kwa moja kwa fundi, naye anauliza: "Patron, tunainyanyua ngapi?" Kisha vinawekwa vipande vya chuma ao vya mpira mgumu juu ya amortiseri, sentimita tatu, nne, tano. Gari inapanda, mashimo hayagusi tena tumbo, kila mtu anafurahi. Lakini kadiri inavyopanda, kardani za mbele zinafanya kazi zikiwa zimepinda, sufle zake zinachanika, vumbi na matope vinaingia, na baada ya muda gari inalia "tak-tak-tak" kila inapokata kona. Mipira inalika upande mmoja. Mipira midogo ya freni inavutwa. Na uzito uliokuwa chini sasa uko juu, kwa hiyo kwenye kona ya mteremko gari inalala kuliko zamani, huku mwenyewe anaiendesha kama zamani.

Kupandisha si dhambi. Anayetaka kupandisha atafute resori zenye nguvu zaidi pamoja na amortiseri zinazozifaa, na asizidishe. Probox zinazobeba mizigo mizito Kenya zinaongezwa resori za nyuma, na zinavumilia kwa sababu zimejengwa kubeba. RunX haikujengwa hivyo. Nyuma yake kuna boriti moja tu inayounganisha magurudumu. Kisha baada ya kazi, paralelismu ipimwe. Fundi anayesema paralelismu si lazima anamtafutia muuza mipira wateja.

Kitu kingine chenye faida kubwa ni bamba la chuma chini ya motere. Jiwe moja likitoboa karteri, mafuta yanamwagika, na motere inaweza kufa ndani ya dakika chache kabla dereva hajaiona taa nyekundu. Bamba liwe na tundu la kumwagia mafuta na nafasi ya hewa kupita, lisiguse bomba la moshi. Hakuna atakayelipiga picha, lakini kazi yake inaonekana siku ya jiwe.

Taa: hapo ndipo watu wanakufa

Hili halisemwi vya kutosha. Kongo inaendesha upande wa kulia, sawa na Rwanda na Burundi. Japani inaendesha kushoto, sawa na Uganda, Kenya na Tanzania. Watu wanaona volani iko upande mwingine, wanazoea, basi. Hawaoni kwamba na taa pia ni za upande mwingine.

Taa za gari ya Japani zimekatwa kusudi mwanga upande juu kidogo upande wa kushoto, juu ya huko kwao kushoto ndiko kuna ukingo wa barabara na mtembea kwa miguu. Huku, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Kwa hiyo RunX iliyotoka Japani, hata ikiwa na taa fupi, inapiga macho ya dereva anayekuja, na inaacha gizani upande wa kulia, pale ambapo watu wanatembea. Ongeza sasa gari iliyonyanyuliwa mbele. Ongeza watu watatu nyuma na gunia la maharagwe kwenye buti, pua inatazama mbinguni. Ongeza ampuli nyeupe za LED zilizowekwa ndani ya taa ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, mwanga unatawanyika kila upande. Dereva wa motari anayekuja mbele haoni kitu kwa sekunde mbili ao tatu. Kwa mwendo wa kilomita 40, sekunde tatu ni zaidi ya mita 30.

Dawa yake ni rahisi kuliko janti. Aliye na uwezo atafute taa za gari iliyotengenezwa kwa nchi za kulia. Asiye na uwezo arudishe ampuli za kawaida, kisha ateremshe mwanga. Gari isimame mahali tambarare, mita 5 mbele ya ukuta, na uzito wake wa kila siku ndani. Weka alama ukutani kwa urefu wa katikati ya taa. Mstari wa juu wa mwanga mfupi uangukie karibu sentimita 5 chini ya alama hiyo. Skurubu za kuteremsha ziko nyuma ya taa. Inaomba tu bisibisi na giza la saa moja ya jioni.

Mlango nao unaomba uangalifu. Kwenye gari ya volani ya kulia, abiria wa mbele anashukia katikati ya barabara. Pembeni ya soko, motari zinapita hapo hapo.

Kelele na vioo vyeusi

Zamani mtu aliyetoboa bomba la moshi alikuwa anasumbua usingizi wa majirani tu. Siku hizi kuna jambo zaidi. Motere yenye bomba tupu, dereva akiachia gesi kwa ghafula, inapiga vishindo: pa, pa. Katika eneo ambako watu wamesikia risasi za kweli, kishindo hicho karibu na barieri, usiku, kinaweza kujibiwa kabla mtu hajauliza. Vioo vyeusi vinazidisha: aliye nje na bunduki haoni aliye ndani, na anayeogopa anafanya haraka. Mwenye gari anayependa maisha yake arudishe bomba zima, ashushe vioo kwenye barieri, awashe taa ya ndani, azime muziki. Makaratasi yawe mkononi tayari, si chini ya kiti.

Wengine wanatoa katalizeri kwa sababu ya kelele, wengine kwa sababu kuna wanunuzi. Ndani yake kuna madini ya bei kali: platini, paladi na rodi. Fundi akisema "hiki kimeziba, tukitupe", mwenye gari aombe akipeleke nyumbani mwenyewe. Mara nyingi kitaonekana hakijaziba.

Esansi ya chupa na vumbi la kianga

Kwa matunzo ya kila siku, maadui wakubwa ni wawili: esansi mbaya na vumbi.

Esansi ya wakadafi, ile ya chupa na bidoni kando ya barabara, inaokoa wengi pale pompe ziko mbali ao zimekauka. Lakini haijulikani ilikaa wapi. Maji ndani yake yanafanya motere ikohoe. Petroli ya taa ikichanganywa inafanya motere igonge wakati wa kupanda, sauti kama misumari ndani ya kopo. Mwinuko wa huku unasaidia kidogo kupunguza ugongaji huo, lakini hauuondoi. Anayelazimika kununua chupa, amimine kidogo kwenye chombo cheupe, asubiri: maji yatakaa chini. Na asiache tangi ifike mwisho, kwani uchafu wote unavutwa hapo.

Vumbi ni la miezi ya kianga, Juni mpaka Agosti. Hapo kile kichujio cha "sport" chenye umbo la koni, kisicho na sanduku, ni adui anayelipiwa pesa. Kinavuta hewa ya moto kutoka chini ya kapo, na vumbi la laterite pamoja nayo. Sanduku la Toyota na karatasi yake vinatosha. Karatasi ipulizwe kila wiki wakati wa kianga, kutoka ndani kwenda nje, na ibadilishwe mbele ya wakati ulioandikwa kitabuni.

Freni zinapewa heshima kidogo mno. Maji ya freni yanavuta unyevu wa hewa. Yakizeeka, kwenye mteremko mrefu yanachemka, na mguu unazama mpaka chini. Yabadilishwe kila miaka miwili. Plaketi za jina linaloaminika zinafaa kuliko diski zilizotobolewa matundu kwa ajili ya urembo. Na mwenye buati ya otomatiki asishuke mlima kwa D na mguu juu ya freni mwanzo mpaka mwisho. Gia ya chini iko pale kwa kazi hiyo.

Barabara inalipwa mara ngapi?

Mfuko wa taifa wa matengenezo ya barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya 2008. Pesa yake inatoka ndani ya bei ya mafuta na kwenye peaji. Kwa hiyo mtu anayenunua esansi ku pompe ameisha lipa barabara mara moja. Anapobadili amortiseri na rotili, analipa mara ya pili. Anapowapa noti vijana waliojaza shimo kwa udongo na kuvuta kamba mbele yake, analipa mara ya tatu. Mvua ya kwanza ya Septemba inaondoa udongo, na hesabu inaanza upya.

Vita imeongeza ukungu. Wanaokusanya Bukavu na wanaopanga Kinshasa si wamoja tena, na mwenye gari hajui apeleke malalamiko mlango gani. Salongo inaweza kuziba mashimo na kuzibua mifereji ya kandokando, na mifereji hiyo ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu maji yanayobaki juu ya lami ndiyo yanayoipasua. Lakini salongo haiwezi kuweka lami. Kwa muda huo wote, bajeti ya barabara iko mifukoni mwa wenye RunX, Vitz na motari, mmoja mmoja, garaji baada ya garaji. Na anayetembea kwa miguu analipa vumbi, matope na hatari ya zile taa.

Kwa anayefikiria kununua gari ndogo iliyokwisha guswa na mwingine, soko linazo nyingi, na bei yake inavutia. Kabla ya kutoa pesa, aigeuze volani mpaka mwisho na kuizungusha gari polepole, asikilize kardani. Aangalie juu ya amortiseri kama kuna vipande vilivyoongezwa. Alale chini aone karteri kama imechomelewa. Atazame kama katalizeri ingalipo. Apitishe kidole ndani ya bomba la hewa, nyuma ya kichujio: likiwa na vumbi, motere imekula mchanga. Mwisho arudi jioni, aiwashe taa mbele ya ukuta.